Baridi kwanza, pampu baadaye: vifaa vya mama wa Mombasa anayerudi kazini

Mama anayekaribia kumaliza likizo ya uzazi huulizwa na mashoga zake swali lile lile: ushanunua pampu? Si swali baya, ila limeruka zamu. Maziwa yaliyokamuliwa Changamwe saa 4 asubuhi yakafika Likoni saa 12:30 jioni yakiwa salama, hayakulindwa na pampu. Yalilindwa na barafu. Ndiyo maana tathmini hii inaanza na begi la baridi, inapitia mikono, kisha ndipo inafika kwenye pampu na chumba cha kukamulia. Mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu, anunue begi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo na mshahara kamili. Mtoto naye anahitaji maziwa ya mama pekee, bila maji wala uji, mpaka atimize miezi sita. Kuna miezi mitatu hapo katikati ambayo mama yuko kazini na mtoto bado hali kitu kingine. Baada ya hapo chakula kinaanza lakini maziwa yanaendelea, na hapa Shirika la Afya Duniani na aya ya 233 ya Suratul Baqara zinakutana kwenye hesabu moja ya miaka miwili. Vifaa hivi basi si vya wiki mbili. Vinunuliwe kwa macho ya mtu atakayevitumia mwaka mzima.

Kiasi cha maziwa kinachohitajika ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Mtoto wa mwezi mmoja hadi miezi sita hunywa wastani wa mililita 750 hivi kwa siku nzima, usiku ukiwemo. Kwa kila saa ambayo mama hayupo, hesabu mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa. Anayetoka Bamburi saa 12:30 asubuhi na kurudi saa 11:30 jioni ameondoka muda wa saa 11, kwa hiyo aache kama mililita 330. Yagawe katika vyombo vya mililita 60 hadi 90. Ukiweka mililita 150 kwenye chombo kimoja na mtoto akanywa 80, zilizobaki zina saa mbili tu tangu alipoanza kunywa, kisha zinamwagwa, na hakuna anayeumia kama mama aliyekaa nusu saa akizikamua.

Sasa begi. Sababu ya kulitanguliza ni joto letu. Maziwa yaliyotoka sasa hivi hukaa nje kwa muda wa saa 4 ikiwa chumba hakizidi nyuzi 25. Chumba kisicho na kiyoyozi Mombasa hakishuki hapo mchana. Februari na Machi, kaskazi ikiwa inaishia, joto hupanda hadi nyuzi 32 au 33, na hata Julai upepo wa kusi ukivuma, adhuhuri ni nyuzi 27 au 28. Ushauri wa kuacha maziwa nje kwa muda wa saa 8 unaosikika kliniki huja na sharti la mahali penye ubaridi, na sharti hilo huku pwani halitimii juu ya kabati. Chukulia kwamba maziwa yanaingia kwenye baridi mara tu unapofunga kifuniko.

Ndani ya begi lenye barafu iliyoganda, maziwa hukaa hadi saa 24. Lakini neno la kuzingatia ni "iliyoganda". Mabegi mengi ya chakula cha mchana yana karatasi ya kung'aa ndani na sponji nyembamba kama kitambaa cha kiatu. Usidanganywe na kung'aa. Dukani, shika ukuta wa begi kati ya kidole gumba na cha shahada, ufinye. Vidole vikikaribia kugusana, lirudishe. Unatafuta sponji nene ya sentimita moja au zaidi, zipu inayozunguka mpaka mwisho bila kuacha tundu pembeni, na mishono ya ndani iliyofungwa, kwa sababu barafu ikitoa jasho, mshono wazi huvujisha maji mpaka kwenye sketi. Begi dogo lililojaa hushika baridi kuliko kubwa lenye nafasi. Nafasi iliyobaki ijaze kwa leso iliyokunjwa.

Kiasi cha barafu ndicho kinachokosewa zaidi. Mililita 350 za maziwa yakitoka na joto la mwili huyeyusha gramu 130 au 140 za barafu mpaka yashuke kwenye nyuzi 4. Hiyo ni kazi ya kupoza peke yake. Barafu nyingine yote inaliwa na joto linalopenya ukutani kutwa nzima, na kila ukifungua zipu unaliongeza. Paketi moja bapa ya jeli inayouzwa pamoja na begi haitoshi siku ya kazi ya Mombasa. Weka kilo moja hivi.

Paketi za jeli ni nzuri kwa sababu ni bapa na hazimwagiki, ila hakuna lazima. Chupa mbili za maji za nusu lita hufanya kazi ile ile bure. Zioshe, zijaze mpaka mililita 450 tu kila moja, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9 na chupa iliyojazwa pomoni hupasuka kitako. Ziache zimesimama na kifuniko kimelegezwa, zikishaganda ukaze. Tenga muda wa saa 12 kwenye friza nzuri. Kwenye kile kijisanduku cha ndani ya friji ya mlango mmoja inaweza kuchukua siku kutwa. Kwa hiyo uwe na chupa nne, mbili begini na mbili zikiganda kwa ajili ya kesho. Asubuhi kabla ya kutoka, itikise kila chupa sikioni. Ukisikia maji yanacheza katikati, stima ilipotea usiku na hiyo si barafu kamili, ongeza ya tatu.

Chupa za barafu zisimame pande mbili, vyombo vya maziwa katikati vikigusana navyo. Ukifika nyumbani, angalia barafu kabla ya maziwa. Pande lingali gumu ndani ya chupa, hata kama limepungua nusu, maziwa yako yamekaa kwenye baridi na yanaingia kwenye friji. Maji yakiwa yote yameyeyuka na yashakuwa vuguvugu, maziwa hayo hayana hesabu ya kuaminika. Yamwage.

Kuna kifaa kimoja ambacho hakitajwi kwenye matangazo na kila nyumba Mombasa inacho: thamosi. Ile ya chuma yenye mdomo mpana, si ya kioo, kwani ya kioo ikigongwa kwenye matatu hupasuka ndani bila wewe kujua. Ukuta wake una ombwe katikati, yaani nafasi isiyo na hewa, na ombwe huzuia joto kuliko sponji yoyote. Itie vipande vya barafu nusu saa kabla ili chuma cha ndani kipoe, mwaga maji, ingiza chupa moja nyembamba ya maziwa, zungushia barafu iliyopondwa, funga. Haichukui mengi na ni nzito. Lakini kwa anayevuka feri ya Likoni, ambako foleni ya jioni haina ahadi, tunaipendelea kuliko begi. Wa ng'ambo ile ahesabu barafu ya saa moja zaidi kuliko wa kisiwani, hata asipoihitaji.

Kazini kukiwa na friji ya wafanyakazi, itumie kupoza na kuweka chupa zako za barafu kwenye friza yake, ila maziwa yako yaweke ndani kabisa kwenye rafu ya nyuma, si mlangoni. Mlango wa friji ya ofisi hufunguliwa kila anayetaka maji. Yaingize kwenye mkebe wenye kifuniko, ubandike karatasi ya gundi yenye jina, tarehe na saa. Mkebe unazuia harufu ya samaki wa kupaka wa mwenzako, na unamzuia anayetafuta maziwa ya chai. Kwenye nyuzi 4, maziwa hukaa siku 4. Ukikamua mara ya pili, usimimine maziwa yenye joto juu ya yaliyopoa. Yaache ya pili yapoe kwanza, ndipo uyaunganishe, na saa inayoandikwa ni ile ya maziwa ya mwanzo.

Kwa vyombo, kioo au plastiki ngumu yenye kifuniko cha kuzungusha ndivyo bora. Mifuko ya kuhifadhia maziwa ni mepesi na inaganda haraka ikilazwa bapa, ila acha nafasi ya vidole viwili juu, na iyeyushe ndani ya bakuli, kwani mshono wa chini huachia. Friza yenye mlango wake inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri hushika maziwa kwa miezi 6 kwa ubora mzuri. Kijisanduku cha ndani ya friji ya mlango mmoja usikipe zaidi ya wiki mbili, na kwa mtaa ambao stima huenda na kurudi, usijenge akiba kubwa humo. Maziwa ya siku mbili au tatu yanatosha. Yaliyoyeyuka yatumike ndani ya saa 24 yakiwa kwenye friji, na hayagandishwi tena.

Kabla ya pampu, mikono. Kukamua kwa mkono hakuna valvu ya kupasuka wala chaji ya kuisha, na mama aliyejua vizuri hupata maziwa sawa na mwenye pampu ya mkono. Wengi huiacha kwa sababu walifundishwa vibaya. Wanavuta chuchu. Chuchu haina maziwa, ni mlango tu.

Nawa mikono kwa sabuni. Kaa, egemea mbele kidogo, chombo chenye mdomo mpana kiwe mapajani. Pitisha viganja polepole kwenye ziwa, kutoka pembeni kuja katikati, dakika moja au mbili. Kidole gumba kiweke juu, cha shahada chini, vikitazamana, umbali wa sentimita 3 au 4 kutoka kwenye chuchu. Sukuma nyuma kuelekea kifuani kwanza. Halafu bana vidole kuelekeana, halafu achia. Sukuma, bana, achia. Vidole visiteleze kwenye ngozi. Vikiteleza utachubuka na ngozi itawasha mpaka usiku. Mwanzo hutoka matone, wakati mwingine dakika nzima bila kitu, kisha maziwa huruka kwa mirija miwili mitatu. Dakika 3 hadi 5 ziwa moja, mtiririko ukipungua hamia la pili, rudi tena la kwanza, ukizungusha vidole kama mshale wa saa ili pande zote zifikiwe. Jumla ni dakika 20 hadi 30. Ukisikia maumivu, vidole viko karibu mno na chuchu au unabana kabla ya kusukuma. Wiki mbili za mazoezi nyumbani, mara moja kila asubuhi baada ya mtoto kunyonya, zinatosha kuijua.

Pampu ya mkono ndiyo tunayoipendekeza kwa wengi, na sababu zake ni za hapa: haitaki soketi, haina kelele ya mota, na ikiharibika inaharibika kwa kitu kidogo kinachobadilishwa. Pampu kama Medela Harmony ina kishikio chenye ncha mbili, fupi ya kuamsha maziwa kwa mivuto mifupi ya haraka na ndefu ya kuvuta polepole maziwa yakishashuka. Hilo si urembo. Mtoto mwenyewe huanza kwa kunyonya haraka haraka, kisha hupunguza akianza kumeza. Pampu yenye mwendo mmoja unaweza kuiga hivyo kwa mkono: vuta nusu nusu kwa dakika mbili, ndipo uvute kamili na kuachia taratibu. Udhaifu wake ni mmoja, kiganja. Dakika 25 za kubana kishikio mara mbili kwa siku huchosha kifundo cha mkono cha mama ambaye kazi yake ni cherehani au kompyuta. Badilisha mikono, na usivute mpaka mwisho wa kishikio. Nguvu zaidi haileti maziwa zaidi, huleta chuchu iliyovimba.

Kitu cha kukichunguza kwenye pampu yoyote ni valvu, kile kijipande laini cha silikoni chini ya faneli (ile koni inayokaa kwenye ziwa), mara nyingi chenye umbo la mdomo wa bata. Kiinue kwenye mwanga wa dirisha. Mpasuo wake uwe mstari uliofungwa. Ukiona mwanga unapenya, au kona imechanika kwa milimita moja tu, hewa inaingia, mvuto umekufa, na mama huanza kudhani maziwa yake yamekauka. Ni kosa la kusikitisha maana wengine huacha kunyonyesha kwa sababu ya kijipande cha silikoni. Kishikio kikiwa chepesi ghafla na maziwa yakapungua siku hiyo hiyo, badilisha valvu kabla ya kujilaumu. Kwa anayekamua kila siku, hudumu kati ya mwezi mmoja na mitatu. Nunua mbili za akiba siku ile ile unayonunua pampu, na kama muuzaji hana vipuri vya aina hiyo, pampu hiyo si ya kununua hata ikiwa nusu bei. Usikisugue kijipande hicho kwa brashi. Kioshe kwa vidole.

Faneli nayo ina namba, milimita 21, 24, 27, 30 na kuendelea, na pampu nyingi huja na 24 moja tu. Pima upana wa chuchu, si wa duara jeusi, wakati hujanyonyesha, uongeze milimita 2 au 3. Ndogo mno husugua pembeni na kuiacha chuchu nyeupe. Kubwa mno huvuta duara jeusi ndani na kuacha maziwa kwenye ziwa. Ukubwa usiofaa unaharibu pampu nzuri kuliko kitu kingine chochote.

Pampu ya umeme ya pande mbili inafaa pale muda unapobana kweli, kwa sababu maziwa yote mawili hukamuliwa pamoja kwa dakika 15 hivi. Ni ghali mara kadhaa kuliko ya mkono. Chagua yenye betri, na yenye kizuizi cha kutenganisha maziwa na mpira wa hewa unaokwenda kwenye mota. Ile isiyo na kizuizi, mvuke huingia kwenye mpira, na kwa unyevu wa hewa yetu ukungu mweusi huota humo ndani ambako brashi haifiki. Mpira wenye doa jeusi hauoshwi, hutupwa. Kwa sababu hiyo hiyo tunakataza pampu za umeme za mtumba za aina hiyo: hata ukichemsha faneli na chupa, mota ya mwenzako imeshavuta mvuke wa maziwa yake. Chumvi ya bahari nayo hula vyuma vinavyogusa betri. Vifute kwa kitambaa kikavu kila wiki, na usiiache pampu kwenye dirisha la upande wa bahari.

Zile za kuvaa ndani ya sidiria zinapendwa, na chini ya buibui hazionekani. Kwa mama wa mapokezi au wa benki ambaye haruhusiwi kuondoka kaunta, ni msaada. Ila huoni kama chuchu imekaa katikati, ukiinama huvuja, na zina vipande vingi vya kuosha. Zitumike pamoja na njia nyingine, zisiwe tegemeo la pekee. Kikombe cha silikoni kisicho na mota, kinachonata kwa mvuto wake, kazi yake ni nyumbani: mtoto akinyonya ziwa la kulia alfajiri, chenyewe kinapokea yanayotiririka kushoto. Kwa kujenga akiba kabla ya kurudi kazini ni kizuri sana. Kazini hakitoshi.

Kuosha kuna ugumu wake Mombasa. Kila baada ya kukamua, suuza kwanza kwa maji baridi, maana maji ya moto yakitangulia hugandisha mabaki ya maziwa kwenye plastiki. Kisha maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwenye beseni lake lenyewe, si ndani ya sinki la ofisi lenye mabaki ya wali wa watu. Anika kwenye kitambaa safi, hewa ikaushe. Mara moja kwa siku chemsha dakika 5. Tatizo ni maji ya kisima. Maji yetu mengi ya visima yana chumvi na chokaa. Yakichemka huacha utando mweupe kwenye valvu, na valvu yenye utando haifungi. Chemshia maji ya kunywa ya dukani au ya mvua yaliyochujwa. Utando ukishakaa, loweka kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa dakika 15, kisha suuza. Kazini kukikosekana maji safi, beba seti mbili za vipande na uoshe zote jioni.

Vifaa vyote hivyo vinahitaji mahali pa kutumiwa, na hapo mwajiri anaingia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 71, inamtaka aweke chumba chenye mahali pa kunawia mikono, friji au kifaa cha kupozea, soketi ya umeme, meza ndogo na viti vya starehe. Inakataza pia matangazo ya maziwa ya kopo humo ndani, kwa hiyo ile kalenda yenye picha ya kopo ishushwe. Choo si chumba cha kukamulia. Stoo yenye kitasa kisichofunga pia si chumba, kwa sababu mwili wa mama anayetazama mlango hauachii maziwa. Homoni inayoyasukuma huzuiwa na wasiwasi.

Kifungu cha 72 ndicho wengi hawajakisoma vizuri. Kinampa mama vipindi vya kukamua au kunyonyesha mbali na mapumziko ya chakula, vinavyohesabiwa kama muda wa kazi wenye malipo, jumla isizidi saa moja kwa kila saa 8 za kazi. Muda wa kutembea kwenda na kurudi uko ndani ya saa hiyo. Piga hesabu. Kiwanda cha nguo ambacho chumba kiko mbali kwa dakika 5, mama akienda mara tatu ametembea nusu saa. Kila kipindi kinabakiwa na dakika 10, na pampu ya mkono inataka 25. Chumba kama hicho, hata kikiwa na kiti cha ngozi, kimefeli. Kwa waajiri wa hoteli za Nyali, wa bandarini na wa viwandani, pesa za pazia zuri zingefaa zaidi zikitumika kukisogeza chumba karibu na wafanyakazi. Mama naye aliye mbali achague vipindi viwili badala ya vitatu, na atafute pampu ya pande mbili. Hapo ndipo bei yake inapohalalika.

Barua kwa ofisi ya wafanyakazi iandikwe wiki tatu kabla ya kurudi, fupi na yenye saa kamili: "Nitarejea kazini tarehe fulani. Kwa mujibu wa vifungu vya 71 na 72 vya Sheria ya Afya ya 2017, naomba vipindi viwili vya dakika 30 vya kukamua maziwa, saa 4:30 asubuhi na saa 9 alasiri, na nafasi kwenye friji. Nitashukuru kuonyeshwa chumba kabla ya tarehe hiyo." Nakala yake ibaki kwako. Siku ya kukiona chumba, nenda na mambo matatu kichwani: kitasa kinafunga kwa ndani, soketi inatoa umeme kweli, na hatua ngapi kutoka kwenye meza yako.

Nyumbani, yaya au bibi afundishwe mapema. Maziwa yaliyokaa hujitenga, mafuta juu na maji chini. Hayajaharibika, yazungushwe polepole yachanganyike. Yakiwa na harufu kama ya sabuni bado ni mazima. Yaliyooza yana uchachu unaoujua pua. Pasha kwa kutia chombo kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, si kwenye maikrowevu, inayoacha sehemu za moto wa kuunguza katikati ya maziwa yanayohisi baridi. Kikombe kidogo kisicho na pembe kali ni rahisi kuosha kuliko chupa: mtoto akae wima, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike midomoni, avute mwenyewe kwa ulimi. Usimmiminie. Siku tatu za kwanza humwaga, ukiweka leso kidevuni yanahesabika.

Ukikosa kipindi kimoja na ziwa likafura, likawa gumu na la moto, kamua kiasi cha kupata nafuu tu, kisha weka ile chupa ya barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10. Kulikanda kwa nguvu au kulitia maji ya moto, kama tulivyozoea kuelekezwa, huongeza uvimbe. Homa ikipanda hadi nyuzi 38.5 au wekundu ukaenea baada ya siku moja, nenda hospitali, na mtoto aendelee kunyonya.

Na kama una nafasi ya kuchagua siku ya kurudi, usichague Jumatatu. Rudi Alhamisi. Siku mbili za kwanza zitakuonyesha valvu inayovuja, begi linaloyeyusha barafu mapema na saa ambayo ziwa linajaa, na Jumamosi na Jumapili mtoto atanyonya moja kwa moja huku chupa zako nne zikiganda upya.